Bi Nassra Naye Kaacha

Baraza yenyewe ni ya mawe, imejengwa kwenye kona ya nyumba kongwe nyuma kidogo ya soko la Darajani, na watu wa mtaa wanaiita Mahakamani kwa sababu hapo huhukumiwa kila mtu asiyekuwepo. Asubuhi huwa kivulini mpaka jua likaribie utosi. Ayoub muuza kahawa huweka seredani yake pembeni, dele juu ya makaa, vikombe ndani ya ndoo, kashata kwenye sinia iliyofunikwa kitambaa, na hapo kesi hufunguliwa. Majaji ni watatu. Yussuf, fundi wa simu, huitwa Redio, maana akishawashwa hazimiki. Abdulla, muuza dawa za miti shamba sokoni, huitwa Daktari, na jina hilo alijipa mwenyewe. Jecha, aliyekuwa papasi akiwatembeza watalii vichochoroni mpaka magoti yakamshinda, huitwa Mista, kwa kuwa Kizungu chake chote kilikuwa kikianza na neno hilo na mara nyingi kikiishia hapo hapo. Wa nne siku hizi alikuwa Maalim Gharib, na yeye hajapewa jina la utani, kwa sababu kijiwe kilikuwa bado hakijaamua kama ni mwenzao au anapita tu.

Gharib alikuwa na wiki ya tatu tangu aache ualimu, baada ya miaka zaidi ya ishirini ya kusomesha hesabu darasa la sita, katika skuli ya msingi iliyo ng'ambo ya barabara kubwa. Hakustaafu, wala hakufukuzwa. Aliacha. Mpaka leo, ikifika saa nne ya asubuhi, mwili wake ulikuwa ukitaka kusimama mbele za watu, na yeye akiulazimisha ukae. Alikuja barazani kwa sababu nyumbani mkewe Zuleikha alikuwa akimtazama kwa huruma, na huruma ile ilikuwa ikimuelemea kuliko maneno ya mtaa mzima.

Asubuhi hiyo Redio alifika, na kabla hajakaa khabari ishamtoka.

– Mmesikia? Bi Nassra naye kaacha.

– Nassra yupi? aliuliza Daktari.

– Bi Nassra mwalimu, wa skuli moja na Maalim hapa. Aliyekuwa na darasa la ubavuni mwa lake. Shemeji yangu kamuona anapakia mabegi kwenye gari ya Nungwi. Kapata kazi ya kupokea wageni hotelini.

Gharib alikuwa ameshika kikombe. Alikiweka chini bila kunywa. Siku aliyokwenda kuaga, mwalimu mkuu hakumbembeleza wala hakumkaripia. Alimwambia tu, "Basi watoto wako ntawapeleka kwa Nassra." Gharib akaitikia, akatoka kwa mlango wa nyuma ili asikutane na Nassra ukumbini. Alimuonea haya. Darasa lake lilikuwa na watoto mia na ishirini na ushei, na la Nassra halikuwa dogo.

– Maalim, wewe ulikuwa na khabari? aliuliza Mista.

– Sikuwa nayo.

– Haya, alisema Redio, akakaa na kukunja mguu. Kesi ya leo tushaipata. Kwa nini walimu wanakimbia? Na wala si hawa vijana waliotoka chuoni jana. Wanaokimbia ni wale waliokwisha pikika. Ayoub, nitilie.

Gharib alikohoa kidogo.

– Mie naona...

– Maalim, wewe kunywa kahawa, alisema Redio kwa upole kabisa. Mtu hawi shahidi kwenye kesi yake mwenyewe.

Ayoub alimimina. Wenzake wakacheka, na Gharib akacheka pia, kile kicheko cha mwalimu aliyezoea kuchekwa na darasa zima na ambaye bado ana kipindi cha pili.

– Sababu ni moja, alianza Redio. Nungwi. Hoteli inataka mtu mwenye Kizungu, mwenye adabu, anayeweza kuvumilia upumbavu wa mtu mzima kwa saa nane bila ya kumtukana. Nani huyo? Mwalimu. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni kaja, na mwenyeji wa kwanza kupona ni mwalimu.

– Methali hiyo siyo ya hoteli, alisema Gharib.

– Ya nini, basi?

– Ya ukarimu. Mgeni anapokuja nyumbani, na wenyeji wanapata kula vizuri.

– Sasa si ndio hoteli hiyo hiyo, Maalim?

Daktari alikuwa akitikisa kichwa muda wote, kama mtu anayengoja wajinga wamalize.

– Nyie mnatazama mguu unakwenda wapi. Tazameni ugonjwa umetoka wapi. Ni chaki.

– Chaki imefanya nini?

– Yakhe, chaki ni chokaa. Chokaa inakausha. Ukipaka ukutani si unakauka? Sasa mtu anaivuta puani miaka ishirini. Inapanda juu, inakausha ubongo, inashuka chini, inakausha moyo. Siku moja mwalimu anaamka hasikii huruma tena. Kakauka. Na wahenga waliliona hili zamani. Kikulacho ki nguoni mwako. Haya, niambieni, chaki inakaa wapi? Si nguoni?

Mista alipiga paja.

– Wallahi huyu kwenye hili kapatia.

Gharib alijitazama shati lake bila kutaka. Lilikuwa safi. Zuleikha alikuwa amelifua na kulipiga pasi, na alipokuwa akilipiga pasi alisema mara moja tu kwamba ajabu iliyoje kufua shati la mwalimu na maji yabaki safi vile vile. Alisema kwa mzaha, lakini hakurudia.

– Haikunikausha chaki, alisema Gharib. Miaka miwili ya mwisho hata chaki ilikuwa shida kuipata. Nilikuwa napiga kelele tu. Watoto mia na ushei, nusu wamekaa chini, wa nyuma hawauoni ubao. Unasema kwa sauti mpaka sauti inakwisha. Asubuhi wanatoka hawa, mchana wanaingia wengine. Mabuku ukiyachukua nyumbani kuyasahihisha, ukimaliza la mwisho, yule wa kwanza keshasahau alichokiandika.

– Lakini Maalim, alisema Mista, si ndio vizuri wakiwa wengi? Penye wengi hapaharibiki neno.

– Njoo darasani kwangu uone linavyoharibika.

Ilimtoka kwa ukali kuliko alivyokusudia. Mista alimtazama, kisha akageukia kahawa yake. Mista alikuwa mkubwa kwa Gharib kwa miaka mingi, na Gharib akaona haya.

– Samahani, mzee wangu.

– Usijali. Mwanangu mie alikuwa akinijibu hivyo hivyo, kabla hajakwenda zake Maskati.

– Mie nawaambia, alisema Redio, mambo mengine ni ya kulaumu wazee wetu wenyewe. Nani alisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu? Haya, hesabuni. Yumo mama, umo ulimwengu. Mwalimu hayumo. Wahenga walimtoa kazini kabla ya kumuajiri.

Hapo hata Ayoub alicheka, na dele likamtikisika mkononi. Gharib peke yake hakucheka. Aliona kwamba katika kijiwe kizima, hilo ndilo lililokaribia ukweli, na lilisemwa kwa kuchekesha.

Mista sasa alijiweka sawa. Alikuwa hapendi kushindwa na vijana, na Redio, ijapokuwa ana mvi, kwake alikuwa kijana.

– Nyote mmepotea. Mie nimetembea na watu wa mataifa yote, nikapeleka watalii Jozani mara zisizo na idadi. Kuna mwalimu mmoja wa sayansi, mtu wa Makunduchi, kaacha skuli anaonesha kima kule msituni. Nilimuuliza, kwa nini? Akanambia, Mista, kima punju hawana mtihani. Lakini mie nikamtazama, nikajua siyo hilo. Ni jicho.

– Jicho gani tena?

– Macho, mwanangu. Kima mmoja ana macho mawili, anakutazama mara moja, anarudi kula majani. Lakini mtoto? Darasa la watoto mia na ishirini lina macho mia mbili na arubaini. Yote yanakutazama wewe. Kila siku. Kuna mtu wa kuhimili macho hayo? Biharusi anatazamwa usiku mmoja tu, na anafukizwa udi na kusomewa. Mwalimu nani anamsomea?

– Husda ya mtoto? alisema Daktari. Mtoto hana husda.

– Sikusema husda. Nimesema macho. Yanapunguza. Kila anayekutazama anachukua kidogo. Mwisho unabakia kanzu na kofia.

Redio na Daktari waliipima nadharia hiyo. Maneno ya mzee yalikuwa ya upuuzi, na yalikuwa yamemchoma Gharib. Sababu yake ya kweli hakuwa amemwambia mtu, hata Zuleikha. Alikuwa amemwambia mkewe kuwa amechoka, na Zuleikha, mwanamke mwenye akili, hakumuuliza kachoka na nini.

– Macho hayanisumbui mimi, alisema. Tabu ilikuwa yangu mimi kuwatazama wao.

– Vipi?

– Ntakuelezeni, lakini mniache nimalize.

Redio alifungua mdomo, Daktari akamgusa goti, akaufunga.

– Zamani, alisema Gharib, nilipoanza, nilikuwa na watoto arubaini, arubaini na tano. Nilikuwa namjua kila mmoja, jina lake, la baba yake na la babu yake. Najua nani kaja bila chai. Najua nani mama yake mgonjwa. Ukimjua mtoto, hesabu inaingia. Mtoto akikosea unajua kakosea kwa sababu gani, na ukimuuliza anajua unamuuliza yeye. Sikuwa mwalimu hodari kuliko wenzangu. Nilikuwa nawajua tu.

Ayoub alikuwa ameacha kugonganisha vikombe.

– Kabla ya Ramadhani nilikwenda hapo Darajani kununua tambi na sukari. Nikakutana na mama mmoja na binti yake wanachagua ndizi. Binti akanambia, shikamoo Maalim. Sauti nzuri, ya adabu. Nikafurahi. Nikamwambia marahaba mwanangu, unasoma skuli gani? Akamtazama mama yake. Alidhani namfanyia mzaha. Kisha akanambia, kwako, Maalim.

– Kwako wapi?

– Kwangu. Darasani kwangu. Tangu mwaka uanze.

Redio aliukunjua mguu wake.

– Mama yake akacheka. Na mie nikacheka, nifanye nini? Nikamuuliza jina, akanambia anaitwa Ulfat. Kesho yake nikamtafuta darasani nikamkuta. Anakaa chini, nyuma ya kabati lililovunjika mlango. Kumbe yupo kila siku. Nikamwambia njoo ukae mbele, na aliyekuwa mbele nikamrudisha nyuma. Yule niliyemrudisha, jina lake nani? Sikumjua. Lakini nilijiambia, angalau Ulfat namjua sasa. Wiki ya pili yake nimeingia darasani, nimeandika, nimegeuka, nikamkumbuka. Nikamuuliza msichana wa mbele, mwanangu, Ulfat leo yuko wapi? Akanambia, ndiye mie, Maalim.

Gharib alikishika kikombe chake, kisha akakiacha.

– Hakukasirika. Hilo ndilo lililonimaliza. Alinijibu kama mtu aliyezoea. Basi mwisho wa mwezi nikaenda kuaga.

Upepo wa joto ulipita kichochoroni, ukanyanyua kitambaa cha kashata. Ayoub alikirudisha. Kwa muda mfupi sana Gharib alihisi kuwa kuna kitu kimekwisha sikika barazani pale. Kisha Daktari akatikisa kichwa kwa masikitiko.

– Chaki hiyo, Maalim. Nilikwambia. Inakula kumbukumbu.

– Siyo chaki, alisema Mista polepole.

Sauti yake ilikuwa imebadilika. Alikuwa akimtazama Gharib, na lile tabasamu lake la kupokelea watalii, ambalo lilikuwa halimtoki hata akiwa anaumwa, lilikuwa limemtoka.

– Maalim. Mjukuu wangu alikuwa kwako. Kificho. Baba yake ndiye huyo aliyekwenda Maskati, na mimi ndiye ninayemlea. Ulikuwa unamjua?

Gharib alitafuta. Aliyapitia madawati kichwani, safu kwa safu, na wale waliokaa chini, na wale waliosimama na ukuta. Aliona kofia nyeupe nyingi.

– Kificho, alisema. Yule mrefu mrefu kidogo?

– Mfupi, alisema Mista. Mfupi kuliko wote wa umri wake. Wenzake wanamtania.

– Mzee Jecha...

– Kila siku anakuja nyumbani ananambia, babu, leo Maalim Gharib kasema hivi, Maalim Gharib kasema vile. Akikutaja jina kama anataja jina la mtume. Nami nikikuona hapa njiani nakupa mkono nikisema, huyu ndiye anayemtazama mjukuu wangu. Kumbe humjui kama mfupi.

– Sikuwajua wengi, mzee wangu. Siyo yeye peke yake.

– Hilo ndio la kunituliza?

Kwa miaka yote aliyosomesha, Gharib alikuwa ameogopa wakaguzi, ameogopa matokeo, ameogopa wazazi wanaokuja na hasira mlangoni. Hajawahi kuogopa babu mmoja mwenye magoti mabovu anayeuliza swali la jina.

Redio, ambaye ukimya humkaa vibaya mwilini, aliingilia kati kuwaokoa.

– Sikilizeni, msigombane, maana hiyo ndiyo nia yao.

– Nia ya nani?

– Hamuoni? Watoto wanajazwa darasani makusudi. Mia, mia na ishirini, kesho mia mbili. Kwa nini? Ili mwalimu achoke, aondoke mwenyewe, asitolewe na mtu. Kisha inaletwa mashine. Kioo kikubwa, kinazungumza. Hakichoki, hakiumwi, hakiolewi, hakizai. Na kinawajua watoto wote kwa sura, maana kina kamera. Nishaiona kwenye simu. Kinamwambia mtoto, Ulfat, umekosea namba ya tatu. Sasa Maalim, kitu hicho utakishinda wewe?

– Na umeme ukikatika? aliuliza Daktari.

– Kitakuwa na jua lake juu ya paa.

– Na watoto wakikipiga mawe?

– Kitawaandika majina.

– Hapo sasa, alisema Daktari, hapo ndipo ninapoiona hikima. Samaki mkunje angali mbichi, na anayekunja asiwe samaki mwenzake.

Wakaendelea hivyo, Redio na Daktari, wakabishana mashine itavaa nini siku ya Iddi na kama itafaa kupewa shikamoo. Mista hakuchangia. Gharib alitazama chini na kuwaza Nassra. Walikuwa wakigawana kipande cha chaki kimoja kwa dirishani, yeye nusu na Nassra nusu. Siku Nassra alipofiwa na mama yake, alirudi skuli siku ya tatu tu kwa sababu alijua Gharib ndiye anayebeba madarasa yote mawili. Walibebana hivyo kwa miaka. Hata Gharib alipochoka kabisa, alivuta mwaka mzima zaidi kwa ajili ya huyo mwanamke, maana aliona aibu kumuachia mzigo. Kisha siku moja aibu yenyewe ikachoka.

Na leo Nassra yuko Nungwi, amevaa sare ya hoteli, anawakaribisha watu wazima na kuwauliza kama safari yao ilikuwa njema. Gharib hakuweza kumlaumu. Alijaribu, ili apunguze lawama yake mwenyewe, akashindwa.

– Asalaam alaykum.

Waligeuka wote. Alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa buibui, mikono yake imevimba vidole na kukunjana ngozi ya viganja, mikono ya mtu anayefua kwa ajira. Mkoba wa kitambaa ulikuwa begani mwake. Hakuwa mtu wa kijiweni wala mpita njia, maana alisimama pale pale na kungoja.

– Waalaykum salaam, walijibu.

– Maalim Gharib nani kati yenu?

– Naam, alisema Gharib, na akasimama, mwili ukatangulia kabla ya yeye kutaka.

– Shikamoo, Maalim. Mie naitwa Bashira. Nafua mashuka kwenye nyumba ya wageni huko Shangani. Nimekwenda kwako nyumbani, Bi Zuleikha kanielekeza hapa. Usinione nimekujia barazani mbele ya watu, sina muda mwengine.

– Marahaba. Karibu, dada yangu. Kaa.

– Sikai. Sikuja kukulaumu, Maalim. Mtu akichoka kachoka, hata mie nachoka. Binti yangu Mize yuko darasa lako. Jana usiku nilichukua buku lake nikalifungua, nikaona kurasa tupu. Nikamwambia, mbona huandiki? Akanambia, mama, hatuandiki, tunakaa. Nikamwambia, mnakaa na nani? Akanambia, tunakaa tu. Kiongozi wa darasa anaandika majina ya wanaopiga kelele. Nikasema mtoto huyu muongo. Leo nimeomba ruhusa kazini, nimekwenda nikachungulia dirishani. Kweli wanakaa.

Alisema haya yote bila ya kupandisha sauti, kama anayesimulia jinsi ya kufika mahali.

– Nikasema nije nikuulize wewe, maana wewe unajua mambo ya pale. Nani anawasomesha?

– Bi Nassra..., alianza Gharib, na jina likamkwama hapo hapo.

– Bi Nassra hayupo, Maalim. Na darasa lake nalo limekaa. Yale madarasa mawili yamewekwa pamoja, yanakaa pamoja.

– Mwalimu mkuu anasemaje?

– Kanambia watulie, inshallah atapatikana mtu. Nikamuuliza lini, akanambia inshallah.

– Watapeleka mwengine, alisema Redio. Lazima wapeleke.

Bashira alimgeukia.

– Nani?

Redio alitazama simu yake. Ilikuwa imezimwa. Aliiwasha, akaipitisha kidole juu chini, kama kwamba jina lingekuwemo humo, kisha akaiweka mfukoni.

– Wapo vijana wa kujitolea, alisema Daktari.

– Nani, kaka yangu? Niambie jina lake, nikamuombe.

Daktari aliokota kashata kwenye sinia, akaishika bila ya kuila.

Mista alikuwa ameushika mkongojo wake kwa mikono miwili.

– Mjukuu wangu yumo humo, alisema. Kificho. Hajanambia kitu. Hata jana kanambia Maalim Gharib kasema hivi...

Akasita.

– Jana? alisema Gharib.

– Jana. Kanambia Maalim Gharib kawafunza kugawa. Na mie nikaitikia tu, sikufikiri kuwa wewe unashinda hapa nami.

Gharib hakuwa amelikanyaga darasa lile wiki ya tatu sasa. Alimtazama mzee, na mzee akamtazama yeye, na kila mmoja akaona mwenzake anaelewa kitu kile kile kuhusu mtoto mfupi mwenye babu anayemuuliza kila jioni leo kajifunza nini.

– Huyo wako anakuonea huruma, baba, alisema Bashira. Wangu mie sikuwahi kumuuliza mpaka jana.

Kisha akamgeukia tena Gharib.

– Kwa hivyo hakuna?

Gharib alitaka kusema kitu. Alitaka kusema atarudi, na alijua ni uongo, alijua hata akirudi atasimama mbele ya macho yale yote na hatamuona hata mmoja, na hilo ndilo lililomtoa. Alitaka kusema hatarudi, na hilo nalo lilimshinda kumwambia mama yule usoni. Alisimama tu, mikono imening'inia, mwanamme mzima aliyesomesha nusu ya mtaa.

– Basi, alisema Bashira. Nilidhani mnajua. Tangu kule kona nilikuwa nakusikieni mnalizungumza.

– Unakwenda wapi? aliuliza Gharib.

– Kumchukua. Kama ni kukaa tu, hata kwangu pana pa kukaa.

Alijiweka sawa mkoba wake begani, akaondoka kwa hatua za haraka, maana ruhusa yake kazini ilikuwa ya asubuhi tu. Mista alinyanyuka kwa tabu, akaegemea mkongojo, na bila ya kumuaga mtu akamfuata, nyuma sana, akijitahidi asimpoteze kwenye kona. Ayoub aliuliza nani anataka kikombe chengine. Kisha mwenyewe akavikusanya vikombe vyao, akavitia ndani ya ndoo.